Sura ya Sita: Nikikosea, Nitaangukia Wapi?

Kwa miaka 13 mabwana wa jiografia wa Ulaya walibishana juu ya mto mmoja ulio kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Wapelelezi Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, wakapanda mitumbwi mpaka Uvira, na huko wenyeji wakawaambia kuwa Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Wao wenyewe hawakuufikia mdomo wa mto. Kwa hiyo kule London watu wasiowahi kulowa maji ya ziwa hilo wakaendelea kuutafutia Rusizi njia ya kutokea, maana hesabu zao za Mto Nile zilitaka utoke. Ubishi ulikwisha Novemba 1871, wapelelezi wengine, Livingstone na Stanley, walipoondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika penyewe, wakaona maji yanamiminika ziwani. Wenyeji walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Naanza sura ya sindano na watoto kwa kisa cha mto kwa sababu kosa ni la aina moja: kuchukua ramani iliyopimwa kwingine, kuilaza juu ya ardhi isiyokaguliwa, kisha kushangaa ardhi inapokataa kuitii. Mgongo wa mtoto ni ardhi ya namna hiyo.

Ganzi ninayoizungumzia hapa ni ndugu wa ile ya kung'olea jino, ila ni ndugu mkubwa. Dawa huwekwa karibu na neva, au karibu na shina la neva nyingi huko mgongoni, ili sehemu nzima ya mwili, iwe mguu, kinena au mkono, ife ganzi kwa saa kadhaa. Kwa watoto wa Kigoma haja ya ganzi hii haiko mbali. Ngiri ya kinena, busha, korodani isiyoshuka, mguu kifundo, kiwiko kilichovunjika kwa kuanguka mwembeni, paja lililomwagikiwa uji wa moto: hayo ndiyo mambo ya kawaida yanayomlaza mtoto juu ya meza ya upasuaji popote Tanzania, na mwambao wa ziwa haukusamehewa. Sensa ya 2022 iliuhesabia mkoa huu watu karibu milioni 2.5. Hospitali yake ya rufaa ni Maweni, na mgonjwa wa vijiji vya kusini kama Buhingu au Kalya huja kwa boti. Linaloshindikana hapo hupelekwa Bugando kule Mwanza, au Dar es Salaam, ambako kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Umbali huo unabadili uzito wa kila uamuzi. Palipo na bingwa wa watoto wodi ya pili, sindano iliyokwenda pabaya ni jambo la kumwita mtu. Hapa ni jambo la kusafirisha mgonjwa, na sumu ya dawa ya ganzi ikishika moyo haingoji usafiri.

Msomaji anayezijua hospitali zetu atauliza papo hapo: ya nini mashaka yote hayo, na ketamini ipo? Swali ni la haki. Ketamini imebeba upasuaji wa watoto katika hospitali ndogo za Afrika kwa miongo mingi, na imebeba kwa heshima: mtoto analala, haumwi, na kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe. Lakini ketamini inashughulikia saa ya kisu, na maumivu hayaishi kisu kinapowekwa chini. Mtoto aliyefanyiwa ngiri huzinduka na kidonda kibichi, na hapo dawa kali za maumivu za jamii ya mofini zinadai mtu wa kukaa kando kuhesabu pumzi, jambo ambalo wodi ya muuguzi mmoja na vitanda vingi haiwezi kuliahidi. Ganzi iliyokaa mahali pake humpa mtoto saa nne hadi sita au zaidi za utulivu bila kugusa pumzi yake. Wala sidai kwamba nusu kaputi inaharibu ubongo wa mtoto, kama wengine wanavyotishia. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2019, uliofuatilia watoto wachanga 722 waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya ganzi ya mgongoni wakiwa macho na usingizi wa kuvuta hewa wa takriban saa moja, haukuona tofauti ya akili walipotimiza miaka mitano. Hoja ya ganzi haihitaji vitisho. Ketamini kidogo kwa ajili ya kisu na ganzi kwa ajili ya saa zinazofuata vinakaa pamoja bila ugomvi. Swali linalobaki ni moja tu, nalo ndilo gumu: sindano iingie wapi?

Tuanze na mgongo wenyewe. Ndani ya uti wa mgongo umo ugwe, ile kamba laini ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Kwa mtu mzima ugwe huishia karibu na pingili ya kwanza ya kiuno, au baina ya ya kwanza na ya pili. Chini ya hapo mfuko wa maji ya mgongo unabaki na nyuzi za neva zinazoelea tu, na ndiyo maana mtoa usingizi huchoma chini ya kiuno bila kuhofia kuutoboa ugwe. Kwa mtoto aliyezaliwa leo ugwe unaweza kufika pingili ya tatu. Mfuko wa maji nao, ambao kwa mtu mzima huishia pingili ya pili ya sakramu, yaani ule mfupa wa pembetatu ulio nyuma kati ya nyonga, kwa mtoto mchanga huteremka hadi ya tatu au ya nne. Watu husema kwamba mtoto anapokua ugwe unapanda. Haupandi. Mvishe mtoto kanzu inayogusa vifundo vya miguu, umtazame tena baada ya miaka miwili: kanzu iko magotini, na hakuna aliyeivuta juu. Ni miguu iliyorefuka. Mifupa ya mgongo hukua kwa kasi kuupita ugwe, na kufikia takriban umri wa mwaka mmoja ugwe huwa umebaki pale tunapoukuta kwa mtu mzima. Kati ya siku ya kwanza na mwaka wa kwanza, basi, alama ile ile ya juu ya ngozi ina maana tofauti chini ya ngozi.

Alama mashuhuri kuliko zote ni mstari wa Tuffier, uliopewa jina la daktari wa upasuaji wa Ufaransa. Unashika kilele cha mfupa wa nyonga kushoto na kulia, unaviunganisha kwa mstari wa kuwazia, na kwa mtu mzima mstari huo unakata pingili ya nne ya kiuno. Kwa mtoto mchanga, ambaye nyonga zake bado ni ndogo na zimekaa chini zaidi, mstari uo huo unapita baina ya pingili ya tano na sakramu. Kwa bahati njema, tofauti hiyo inamwelekea mtoto kwa huruma: mstari umeshuka wakati ugwe nao umeshuka. Anayeufuata hasa mstari wa mtoto, akachoma penyewe au chini yake, yuko salama. Anayepotea ni yule anayekumbuka kutoka darasani kwamba pa kuchoma ni kati ya pingili ya tatu na ya nne, akapanda kuitafuta nafasi hiyo kwa kuhesabu vinundu vya mgongo. Na mgongo huo ni mdogo kiasi kwamba ncha ya kidole cha mtu mzima inaweza kufunika pingili moja na sehemu ya jirani yake.

Tena hesabu ya vinundu haiaminiki hata kwa watu wazima. Mwaka 2000 Broadbent na wenzake huko Uingereza walichapisha jaribio rahisi na la kuaibisha. Watoa usingizi waliweka alama mgongoni kwa wagonjwa 100 wakataja ni nafasi ya pingili ipi, kisha picha ya MRI ikapigwa. Walipatia kwa asilimia 29 tu. Katika asilimia 51 alama ilikuwa nafasi moja juu zaidi ya walivyodhani, na wapo waliokosea kwa nafasi nne nzima. Kinachonishughulisha hapa ni upande wa kosa kuliko ukubwa wake. Mikono ile ilielekea kupotea kwenda juu, yaani kuuelekea ugwe. Kosa likiwa na mwelekeo, busara ni kulitengea nafasi mapema upande huo, kama nahodha anayejua kwamba upepo wa kusini utamsukuma, naye akalenga pembeni kidogo ya bandari. Kwa mtoto mchanga maana yake ni kuchagua nafasi ya chini kabisa inayofaa. Hapo ukikosea kwa pingili moja juu, bado hujaugusa ugwe.

Ndiyo maana sindano iliyopendwa kuliko zote katika ganzi ya watoto haichomwi kiunoni, huchomwa chini kabisa, karibu na kifandugu. Historia yake ni ndefu. Sicard na Cathelin waliionyesha njia hiyo Paris mwaka 1901, miaka mitatu tu baada ya August Bier kuweka kokeini kwenye maji ya mgongo huko Kiel, na mwaka 1933 Campbell akaitumia kwa watoto. Ukimtazama mtaalamu anavyoitafuta, utaona kwamba karibu kazi yote hufanywa na kidole kabla sindano haijatoka kwenye ganda lake. Mtoto analazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani. Kidole cha shahada na cha kati vinatafuta vile vishimo viwili vilivyo juu ya makalio, ambapo ncha za nyuma za nyonga zinajionyesha. Vishimo viwili hivyo ndivyo pembe mbili za juu za pembetatu yenye pande sawa, na pembe yake ya tatu inaelekea chini. Kidole kinateleza kwenye ukingo wa mfupa katikati, taratibu, mpaka kinapokutana na vinundu viwili vidogo kama punje za mahindi zilizopandwa sambamba. Katikati yao pana bonde laini. Hapo mfupa haukufunga, pamefunikwa na utando mgumu tu. Mpasuo wa makalio haufai kuwa alama, kwa sababu nyama na mafuta ya mtoto huuhamisha huku na huku. Kinachoaminika ni mfupa. Sindano inaingia kwa mshazari, inakutana na ukinzani, kisha ghafla inapenya. Hapo inalazwa kidogo, inasogezwa milimita chache, inasimama. Kwa mchanga, kati ya utando huo na mfuko wa maji panaweza kuwa na sentimita moja au pungufu.

Kwa nini mahali hapa pamependwa hivyo? Kwa sababu pamejibu swali ambalo nadhani ndilo linalopaswa kutangulia mengine yote: nikikosea, nitaangukia wapi? Ukichoma juu juu, dawa inatuna chini ya ngozi, mkono wa pili ulio juu yake unahisi uvimbe, na hasara ni ganzi isiyoshika. Ukizama mno, unaweza kuingia kwenye mfuko wa maji. Basi kabla ya kusukuma dawa unavuta bomba nyuma, na maji meupe yakitoka unaacha. Ukiingia kwenye mshipa wa damu, damu itarudi, japo si kila mara, na ndiyo sababu dozi ndogo ya majaribio yenye adrenalini hutangulia huku macho yakiwa kwenye mapigo ya moyo. Kosa la hila kuliko yote ni la mfupa. Sakramu ya mchanga bado ni gegedu kwa sehemu kubwa, haijawa mfupa mkavu, na sindano yenye nguvu inaweza kuupenya ikaingia kwenye uboho, ambako dawa hunyonywa kama iliyopigwa mshipani, au kuuvuka hadi kwenye nyonga kulikolala utumbo mkubwa. Makosa yote manne yana jina na dalili, na kila moja lina kinga isiyohitaji umeme. Mahali pa namna hiyo panafundishika.

Mahali na kipimo cha dawa havitengani, kwa kuwa dawa iliyowekwa kifanduguni hupanda. Mafuta yanayozunguka neva za mtoto mdogo ni laini na mepesi, hivyo maji yanapita kati yake kwa urahisi hadi umri wa miaka sita au saba, kisha yanaanza kuganda na nafasi ya kuchoma nayo inazidi kujificha. Mwaka 1979 Armitage alitoa kanuni inayotumika hadi leo: nusu mililita kwa kila kilo ya mtoto kwa upasuaji wa maeneo ya chini, mililita moja kwa kinena, na moja na robo ukitaka kufika tumboni. Chukua mtoto wa kilo 10 mwenye ngiri. Mililita 10 za bupivakaini ya asilimia 0.25 ni miligramu 25, na kikomo kinachofundishwa, miligramu 2.5 kwa kilo, ni miligramu 25 hizo hizo. Hakuna hata tone la ziada. Uzito ukikisiwa kwa macho ukaandikwa kilo 12, dawa itavuka mpaka kabla mtu hajakosea lolote kwa sindano, na kwa mchanga, ambaye damu yake ina protini chache za kuishika dawa hiyo, mpaka uko karibu zaidi. Mizani ni sehemu ya kutafuta mahali. Anayejua pa kuchoma asijue uzito amejua nusu.

Hadi hapa mtu angeweza kudhani kwamba nawatetea wazee wa kidole dhidi ya vijana wa mashine. Ushahidi haunipi ruhusa hiyo. Tazama sindano nyingine ya ngiri, ile inayofuata neva mbili za kinena zinazopita ndani ya ukuta wa tumbo, karibu na ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga. Kwa miaka mingi vitabu vilitaja umbali kutoka kwenye ncha hiyo kwa vipimo vilivyotokana na watu wazima, au kwa upana wa vidole. Mwaka 2005 wanaanatomia wa Pretoria, Van Schoor na wenzake, walichapisha vipimo walivyochukua katika maiti 25 za watoto wachanga. Neva ya kwanza waliikuta takriban milimita 2 tu kutoka kwenye mfupa, wakapendekeza sindano iingie milimita 2.5 kutoka kwenye ncha hiyo, kwenye mstari unaoelekea kitovuni. Fikiria tofauti hiyo juu ya tumbo la mtoto wa kilo tatu: aliyepima kwa kidole chake mwenyewe ameshapita neva na anachoma pengine kabisa. Nafurahi kwamba kipimo hicho kilitoka Afrika, si kwa fahari tu, bali kwa sababu kinathibitisha kwamba kuukagua mwili wa mtoto hakuhitaji kungoja utajiri wa mtu mwingine.

Miaka mitatu baadaye Weintraud na wenzake wa Vienna walilifungua jambo hilo wazi zaidi. Watoto 62 walichomwa sindano hiyo kwa kufuata alama za mwilini, kisha altrasaundi ikaangalia dawa imelala wapi. Ilikuwa imezizunguka neva kwa asilimia 14 tu. Kwingine ilikuwa imezama kwenye misuli ya jirani, moja baada ya nyingine, na mara chache hata kufika kwenye utando wa ndani wa tumbo. Dawa ilipokuwa mahali pake ganzi ilishika kwa watoto wote. Ilipopotea, karibu nusu ilishindwa. Timu nyingine ya mji huo ilikuwa tayari imeonyesha mwaka 2005, kwa watoto 100, kwamba anayechoma huku akitazama altrasaundi hutumia dawa pungufu, mililita 0.19 kwa kilo badala ya 0.3, na waliohitaji dawa zaidi ya maumivu wakati wa upasuaji walikuwa asilimia 4 badala ya 26. Hapa kidole kimeshindwa, na kimeshindwa kwa sababu inayoeleweka: kifanduguni kilikuwa na mfupa pande mbili wa kukishuhudia, kwenye ukuta wa tumbo kina tabaka tatu za misuli laini zinazofanana.

Sasa inakuja tofauti inayotia ugumu katika hesabu yote. Kati ya 1993 na 1994 watoa usingizi wa watoto wa nchi zinazosema Kifaransa walikusanya taarifa za ganzi 24,409 za sehemu, matokeo yakachapishwa 1996. Madhara yalikuwa 23, na yote yaliangukia ganzi za mgongoni, ile ya kifandugu ikiwamo. Ganzi za neva za pembeni, 9,396 kwa jumla, hazikuleta hata moja. Kwa maneno mengine, mahali panapopatikana kwa urahisi ndipo penye kosa zito, japo la nadra, na mahali penye kosa jepesi ndipo panapojificha. Anayetaka kanuni moja ya kufuata siku zote hataipata. Ila swali letu linapanga mambo. Kwa operesheni ndogo ya kidole au ya ncha ya uume, hakuna sababu ya kupanda hadi mgongoni, kwa kuwa neva ya karibu inatosha na kosa lake ni kurudia tu, mradi dawa isiwe na adrenalini. Kwa ngiri za pande mbili au mguu kifundo, kifandugu kinastahili hatari yake. Kwa ngiri ya upande mmoja, neva za kinena ndizo bora pakiwa na jicho la mashine, na pasipo na jicho hilo kifandugu kilichopimwa vizuri ni uamuzi wa heshima.

Pingamizi la kwanza litasema: basi nunueni altrasaundi, mambo ya vishimo na punje za mahindi yaishe. Mashine naitaka. Nataka tu ijulikane ni ipi. Altrasaundi iliyozoeleka katika hospitali zetu ni ya wajawazito, na kishikio chake kimepinda kwa ajili ya kuona mbali, tumboni. Neva ya mtoto iko milimita chache chini ya ngozi, na inahitaji kishikio bapa cha mawimbi ya kasi kinachoona karibu. Hospitali inaweza kuwa na mashine na bado ikawa kipofu kwa kazi hii mpaka kishikio cha pili kiagizwe. Kwa upande mwingine kuna neema isiyosemwa vya kutosha: kwa kuwa mifupa ya mchanga bado ni gegedu kwa sehemu kubwa, mawimbi yanapita, na ugwe unaonekana kwenye kioo kwa namna ambayo mgongo wa mtu mzima hauruhusu kamwe. Aliye mgumu kuliko wote kwa kidole ndiye mwepesi kuliko wote kwa jicho. Lakini hata hapo mashine haimwambii mtumiaji atazame wapi. Asiyejua kwamba neva iko milimita 2 kutoka kwenye mfupa atakiweka kishikio pembeni, ataona mawingu ya kijivu, na atachoma wingu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: karibu takwimu zote hizi zimetoka Ulaya na Marekani, zina nini na Kigoma? Kweli, kumbukumbu za hospitali za Marekani zilizochapishwa 2018, zenye ganzi zaidi ya 100,000 za watoto, hazikuonyesha hata mtoto mmoja aliyepata ulemavu wa kudumu wa neva. Lakini nyuma ya namba hiyo kuna mafuta ya mishipani yanayookoa moyo uliolewa dawa ya ganzi, mashine za kupumulia na watu wa zamu wa kutosha. Utafiti wa Afrika uliochapishwa 2024, uliofuatilia watoto zaidi ya 8,600 waliofanyiwa upasuaji katika nchi 31, ulikuta kwamba zaidi ya wawili katika kila mia walifariki hospitalini. Jibu langu ni kwamba anatomia inasafiri, uokoaji hausafiri. Ugwe wa mtoto wa Ujiji unaishia palepale unapoishia wa mtoto wa Paris. Tofauti ni kinachofuata baada ya kosa. Na hilo linazidi kuthibitisha swali letu. Palipo na uokoaji hafifu, sindano ichague mahali penye kosa jepesi, na dozi ikae chini ya kikomo badala ya kukigusa.

Pingamizi la tatu hutoka kwa waliofunzwa kwa watu wazima: je, si hatari kumchoma mgongoni mtu aliyelala, asiyeweza kusema umeme umempita mguuni? Kwa mtu mzima onyo hilo lina maana. Kwa mtoto wa miaka mitatu aliyeshikwa na watu wawili halina, kwa sababu kilio chake hakitofautishi kati ya neva iliyoguswa na woga wa sindano, na kujitupa kwake ndiko kunakoipeleka sindano pabaya. Kumbukumbu zilezile za Marekani zilichambuliwa mwaka 2014, ganzi zaidi ya 50,000, na kuchomwa usingizini hakukuonekana kuongeza hatari. Wanaoachwa macho ni hasa wachanga waliozaliwa kabla ya wakati, ambao baada ya nusu kaputi wanaweza kusahau kupumua. Hao hupewa ganzi ya mgongo wakiwa wamefungwa kwenye kanga kama mzigo mdogo, na mara nyingi wenyewe husinzia.

Litabaki lawama moja, nayo haina takwimu: kwamba kuwafundisha watoa usingizi wa mikoani kutegemea kidole ni kuwatengea watoto wa maskini huduma ya daraja la pili. Ningekubali kama kidole kingekuwa mbadala wa kudumu wa mashine. Ninavyoona mimi, kidole ndicho mlango wa kuingilia kwenye mashine. Aliyehisi vinundu viwili kwa vidole vyake mara hamsini ataviona kwenye kioo mara ya kwanza na kuvitambua, na siku umeme utakapokatika katikati ya kazi atajua bado yuko wapi. Wenyeji wa Uvira hawakuhitaji chombo cha kupimia ili kujua Rusizi unaelekea wapi. Aliyekosea ni yule aliyekuwa na vyombo lakini hakuwasikiliza. Kwa hiyo mafunzo yanayofaa mwambao huu yana mpangilio: kwanza mizani, kisha umri na kile umri unachobadilisha chini ya ngozi, kisha kifandugu kwa kidole mpaka kiwe mazoea, halafu neva za pembeni zinazopatikana karibu na mfupa, na mwisho kishikio bapa kwa zile zilizojificha kwenye misuli. Katika kila hatua mwanafunzi aulizwe, kabla hajafungua ganda la sindano, aseme kwa sauti mambo mawili: sindano inaenda wapi, na ikipotea itaishia wapi. Akilijua la kwanza asilijue la pili, arudishe sindano kwenye trei.